SOMO: Kurekodi Sauti Nyumbani Bila Kuipoteza



Tangu kwaya ya vijana irekodi nyimbo zake kwa kompyuta ya kanisa, nimekuwa nikisimamishwa njiani, kwenye bomba la maji na hata mlangoni baada ya ibada. Maswali yanafanana. Pasta, mbona sauti zetu zinakwaruza? Pasta, mbona wimbo umeshuka chini kama watu wanaimba usingizini? Pasta, faili haifunguki kwenye simu. Niliahidi kujibu yote mahali pamoja, na ndilo somo la mwezi huu. Lakini nitaanza na kosa langu mimi mwenyewe, kwa sababu nililifanya kwa kompyuta ileile na programu ileile, na aliyeumia hakuwa mwanakwaya.

Kwanza fungueni Biblia zenu, Yeremia sura ya 36. Baruku anaandika maneno anayosemewa na Yeremia. Kitabu kinasomwa mbele ya mfalme Yehoyakimu, naye anakikata kwa kisu na kukitupa motoni kipande kwa kipande. Baadaye Baruku anaandika kingine. Chuoni tulifundishwa sura hii kuwa ni habari ya Neno lisiloweza kuchomwa, na ni kweli. Siku hizi naona humo pia jambo dogo la kazi. Baruku aliweza kuandika mara ya pili kwa sababu Yeremia alikuwa bado hai, tena alikuwa anakumbuka yote.

Mzee wa Chula

Hapa Kalobeyei Wabajuni si wengi. Wengi wetu tunawaita Wasomali tu, kwa kuwa wametoka Somalia, wala hatuulizi zaidi. Lakini lugha ya nyumbani kwao ni Kiswahili cha kwao, Kibajuni, na mtu wa Uvira kama mimi akisikiliza vizuri anashika mengi. Visiwa vyao vimejipanga baharini kama shanga, kusini mwa Kismayo mpaka karibu na Ras Kamboni mpakani mwa Kenya: Koyama, Ngumi, Chovai, Chula na vingine vidogo. Ndugu zao wako upande wa Kenya, Kiunga, Faza na Kizingitini, na wako wanaowaita Watikuu au Wagunya. Vita vya 1991 viliwakuta hawana silaha wala wa kuwatetea. Waliporwa mashua na nyumba, wengi wakakimbilia Lamu na Mombasa kwa njia ya bahari. Kambi za Mombasa zilipofungwa katika miaka ya 1990, wengine walirudi visiwani na wengine wakaletwa kambi za bara, mbali kabisa na maji ya chumvi.

Jirani yangu mmoja ni wa hao. Ni mzee, mvuvi wa Chula. Mjukuu wake anatengeneza simu pale sokoni, na ndiye aliyeifungua kompyuta ya kanisa vumbi lilipoziba feni yake, akaisafisha kwa brashi ya kupakia rangi wala hakutaka pesa. Basi siku mzee alipobisha hodi nilikuwa na deni tayari.

Nikamwamkia, "Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia mashine yenu inashika nyimbo."

Alikuwa na binti aliyerudi Kismayo. Mji ule ulitoka mikononi mwa al-Shabaab mwaka 2012, na baada ya hapo watu wachache wachache walianza kurudi. Binti alimwomba baba yake amtumie nyimbo za baharini, zile walizoimba vijana wakienda kuvua, na mmoja mrefu sana ambao mzee aliupata kwa baba yake. Wako watakaouliza pasta anahusika vipi na nyimbo za wavuvi Waislamu. Mimi nimekulia kando ya Ziwa Tanganyika, na wavuvi wa dagaa wakiondoka jioni na taa zao walikuwa wakiimba. Wimbo wa mtu anayekwenda majini usiku sina haja ya kuuliza ni wa dhehebu gani.

Akaja Ijumaa, baada ya sala yao. Ilikuwa alasiri, na mnajua upepo wa alasiri hapa. Mchanga ulikuwa unapiga mabati kama mtu anayemwaga mchele kwenye sinia. Niliona aibu kumwambia arudi siku nyingine, maana alikuwa amevaa kanzu na kofia. Tukafunga mlango. Akaimba karibu dakika arobaini, amefumba macho.

Usiku nikasikiliza. Sauti yake ilikuwepo, na mchanga ulikuwepo. Nikakumbuka kwamba programu yetu, Audacity, ina kifaa cha kuondoa kelele. Unaionyesha kipande kisicho na mtu anayeongea, inajifunza sura ya ile kelele, kisha inaifuta kote. Nikaweka nguvu nyingi, desibeli 24. Mchanga ukanyamaza kabisa, chumba kikawa kimya kama kaburi, nami nikafurahi kama mtoto. Nikabonyeza Save, nikafunga kompyuta, nikalala. Asubuhi nikatoa faili ya MP3, mjukuu akaituma Kismayo.

Jibu la binti lilikuja baada ya siku mbili. Alishukuru sana. Kisha akasema: huyu ni baba, lakini anaimba kama amefungwa kitambaa mdomoni, maneno mengine siyapati.

Nikarudi kwenye kompyuta kutafuta sauti ya mwanzo. Haikuwepo. Ukifunga programu, uwezo wa kurudi nyuma hatua kwa hatua unafutika, na kinachobaki ni kile ulichohifadhi mwisho. Nilikuwa nimehifadhi ile iliyosafishwa juu ya ile ya kweli. Sikuwa na nakala nyingine popote.

Kilichofutwa pamoja na mchanga

Nilifikiri kwanza kwamba kosa ni la spika za simu ya binti. Ukweli niliujua miezi mingi baadaye, kwa kubonyeza kitufe ambacho nilikuwa sijakigusa, na ningependa kila anayetumia programu hii akifahamu.

Katika dirisha la Noise Reduction kuna mahali pa kuchagua Residue. Ukichagua hapo na kusikiliza, programu haikupi sauti safi. Inakupa takataka, yaani kile inachotaka kukitupa. Kama unasikia upepo na mvumo tu, uko salama. Kama ndani ya takataka kuna mtu, simama. Nilifanya hivyo kwa sauti nyingine ya mzee yuleyule, kwa nguvu ileile ya 24, na nikasikia katikati ya mchanga kitu kama mtu anayenong'ona nyuma ya ukuta: ch, ch, ch.

Sababu yake ni hii. Irabu, a e i o u, nguvu yake kubwa iko chini, katika mitetemo mia kadhaa kwa sekunde mpaka elfu mbili tatu. Lakini ch, sh, s na f ni pumzi inayopita kwenye meno na ulimi, na nguvu yake iko juu, kwenye maelfu ya mitetemo. Mchanga juu ya bati nao unakaa hukohuko juu. Programu haina masikio ya kujua hii ni pumzi ya mzee na ile ni chembe ya mchanga. Inaona vitu viwili vinavyofanana, tena vyote ni hafifu, inavifagia pamoja.

Sasa oneni balaa lilivyomkuta Mbajuni. Mahali pengi ambapo sisi tunasema t, yeye husema ch. Tatu kwake ni chachu, mtu ni nchu. Lugha yenyewe imejaa ch kuliko Kiswahili cha redioni. Nilipozifagia, sikuondoa pambo la pembeni, niliondoa ile alama ambayo binti wa Kismayo anamtambulia baba yake na kijiji chake. Kama ningekuwa nimerekodi mtu wa Bukavu, huenda hata nisingegundua.

Faili za MP3 zilizobanwa sana zina kosa la namna hiyohiyo, kwa kiasi kidogo. Ili faili iwe ndogo, kinachotolewa kwanza ni vitu vya juu. Ndiyo maana sauti iliyotumwa kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp haifai kuwa nakala ya kuhifadhi. Ikiwa ni lazima kutuma kwa njia hiyo, itumeni kama hati, hapo haibanwi tena.

Siku hizi naweka desibeli 6, mara chache 9, na ninakubali mchanga kidogo ubaki. Mvumo wa upepo ni jambo jingine: huo unakaa chini kabisa, na ukikata kila kitu kilicho chini ya mitetemo 80 kwa kichujio cha kupitisha vya juu, sauti ya mwanamume mzima haitaguswa sana. Hapo msiogope.

Kazi kubwa ifanyike kabla ya kubonyeza

Hakuna programu inayorudisha kile ambacho maiki haikukishika. Kwa hiyo nusu ya maswali yenu jibu lake liko ndani ya chumba, haliko kwenye kompyuta.

Rekodini alfajiri, kabla ya saa mbili asubuhi, upepo haujaamka na mabati hayajaanza kulia kwa joto. Tandikeni godoro ukutani, ning'inizeni mablanketi na vitenge kwenye kamba nyuma ya mwimbaji. Chumba chenye kuta tupu kinarudisha sauti kama pipa, na huo mwangwi haufutiki kamwe. Maiki iwe shubiri moja kutoka mdomoni, kando kidogo, isielekee pumzi moja kwa moja, maana p na b zinapiga kama ngumi. Kama hakuna sponji, soksi safi inatosha. Ndiyo, soksi. Wanakwaya walicheka mpaka waliposikia tofauti.

Ng'oeni chaja. Mvumo mzito usiokoma, mmm, mara nyingi unatoka kwenye umeme, wenye mitetemo 50 kwa sekunde, na kompyuta ikitumia betri yake unatoweka papo hapo. Vile vibadilisha umeme vya sola vya bei rahisi navyo vina mluzi wao. Basi chajini jana, rekodini leo. Na simu zote zilizo chumbani ziwekwe katika hali ya ndege, hata ya pasta. Ule mlio wa tititi-tititi uliomo kwenye wimbo wa tatu wa kwaya ni simu yangu, naungama.

Kisha pimeni nguvu ya sauti. Mwambieni mwimbaji aimbe sehemu ile anayopaza zaidi, siyo ile ya upole, na mtazame kipimo. Vilele vyake vifike kati ya -12 na -6. Vikigusa 0, sauti imepasuka. Nani aliuliza kuhusu kukwaruza? Jibu ni hilo: mlipima akina mama wakiwa bado wamekaa, kisha wakasimama wakashangilia. Kichwa cha wimbi kimekatwa kama mti uliokatwa kilele, na hakuna dawa inayokiotesha. Sauti ndogo iliyo safi unaweza kuiinua baadaye. Iliyopasuka ni ya kurudia.

Maswali mengine, kwa haraka

Kompyuta haisikii kabisa. Mara nyingi maiki ilichomekwa baada ya programu kufunguliwa. Ifungeni mfungue tena, au amrisheni itafute vifaa upya. Kama bado, ingieni kwenye mipangilio ya faragha ya Windows, huenda imezuia programu kutumia maiki. Na angalieni ni maiki gani imechaguliwa. Kaka mmoja alirekodi saa nzima akiwa ameshika maiki nzuri mkononi, kumbe kompyuta ilikuwa inasikiliza kwa kile kitundu chake chenyewe karibu na skrini.

Hedifoni zisizo na waya, za Bluetooth, msizitumie kurekodi. Maiki yake ikianza kufanya kazi, ubora wote unashuka kuwa kama wa simu, tena zinachelewesha. Nunueni za waya.

Sauti ya pili inachelewa nyuma ya ya kwanza. Hili linawasumbua wanaoimba peke yao na kujijibu. Sauti inachukua muda kuingia na kutoka kwenye kompyuta, na programu inajaribu kukisia muda huo. Audacity inakuja imewekwa kurudisha nyuma milisekunde 130, lakini hilo ni kisio tu, kila kompyuta ina lake. Tengenezeni wimbo wa mapigo, ucheze kwenye hedifoni, bana hedifoni hiyo kwenye maiki, urekodi. Kuzeni picha mpaka muone pigo la kwanza na nakala yake, mpime umbali kati yake, mrekebishe ile 130 kwa tofauti hiyo. Ni kazi ya robo saa mara moja tu.

Wimbo umeshuka na kupoa. Simu nyingi hurekodi kwa vipimo 48,000 kwa sekunde, na kompyuta yetu imezoea 44,100. Kwa kawaida programu inageuza yenyewe bila kuwasumbua. Lakini mtu akiingia kwenye mkanda wenyewe na kubadili namba kwa mkono, hajageuza kitu. Amesema uongo kuhusu mwendo wake, na wimbo unakwenda polepole kwa karibu asilimia 8, unashuka karibu nusu toni na robo. Kijana wa kinanda alidhani kinanda kimeharibika. Rudisheni namba ya zamani, mtapona.

Sauti inakatika-katika. Fungeni kila kitu kingine, zimeni intaneti, na msirekodi moja kwa moja kwenye flashi. Flashi ni polepole. Rekodini ndani ya kompyuta, kisha mnakili.

Faili haifunguki kwenye simu. Ukibonyeza Save, unapata mradi, ambao tangu toleo la 3.0 la mwaka 2021 ni faili moja yenye mwisho wa aup3. Huo ni jiko, siyo chakula. Simu haiwezi kuula. Kwa kusikiliza lazima utumie Export, utoe WAV au MP3. Wenye miradi ya zamani, ya kabla ya toleo hilo, kumbukeni kuwa ilikuwa faili ndogo ya aup pamoja na folda kubwa ya data pembeni. Ukinakili ile ndogo ukaacha folda, umebeba mlango ukaacha nyumba. Nimeona flashi tatu za namna hiyo hapa makazini, zote tupu.

Mahali pa kuiweka

WAV ya sauti moja, isiyo ya stereo, inachukua karibu megabaiti 5 kwa dakika, yaani saa nzima ni kama 320. MP3 ya kilobiti 128 haifiki megabaiti 1 kwa dakika. Kwa hiyo watu wanapenda MP3, nami siwalaumu, flashi zinauzwa. Lakini utaratibu uwe huu: mkimaliza tu kurekodi, kabla ya kugusa chochote, toeni WAV, ipeni jina lenye tarehe na mahali, mwongeze neno ASILI. Inakiliwe sehemu nyingine siku hiyohiyo, kabla watu hawajaenda kula. Usafishaji wote ufanyike kwenye nakala. Flashi inazama, inaibiwa, inaingia maji ya mvua, inaondoka mfukoni mwa mtu aliyepata safari ya Marekani. Mbili katika nyumba moja nazihesabu kuwa moja.

Na muulizeni mwenye sauti nani anaruhusiwa kusikia. Hili nilifundishwa na mzee, sikulijua. Baada ya kurekodi aliniambia nyimbo fupi naweza kuwafundishia vijana, lakini ule mrefu ni wa binti yake. Nimeushika hivyo, na katika darasa letu hamtausikia. Watu wa visiwa vile wana sababu ya kuwa waangalifu na sauti zao. Waliofika Uingereza kuomba hifadhi wakisema ni Wabajuni, si mara moja wala mbili wamerekodiwa wakiongea, na wachunguzi wa lugha wakasikiliza ili kupima kama kweli wametoka Somalia au upande wa Kenya. Maisha ya mtu yakapimwa kwa matamshi. Sauti iliyosambaa bila idhini haijulikani itafika wapi, na ikiwa imefagiwa kama nilivyofanya mimi, haimsemi mwenyewe sawasawa.

Wako pia waliofanya kazi hii kwa utaratibu mzuri kabla yetu. Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa na Kevin Donnelly walichapisha makala kuhusu nyimbo za uvuvi za Wabajuni mwaka 1982, wakati visiwa vilikuwa bado na watu wake. Wakulima wa Kibajuni nao wana vave, nyimbo wanazoimba usiku kabla ya kuchoma pori la shamba jipya. Namtajia mzee mambo haya naye anatikisa kichwa, anasema vave ni ya watu wa nchi kavu, yeye ni wa bahari.

Mara ya pili

Nilimwendea nikamwambia ukweli: nimeiharibu sauti yako, na ya kwanza sinayo. Hakukasirika, au hakuonyesha. Alisema tutaimba tena akipata nafuu, kwa sababu wakati huo kifua kilikuwa kimembana na zahanati imempa dawa. Nafuu ilichukua karibu mwaka. Tulipokaa tena ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, godoro ukutani, soksi kwenye maiki, kompyuta kwenye betri, kipimo kikicheza kwenye -10. Kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa pumzi yake. Nyimbo fupi alizimaliza. Ule mrefu alifika mahali akasimama, akajaribu kurudi nyuma kidogo apate mwendo, akasimama tena palepale. Akasema sehemu inayofuata ilikuwa inakuja yenyewe akiimba kwa nguvu, na nguvu hiyo sasa hana.

Dakika kumi na moja. Ndiyo hiyo niliyoipima kwa kitufe cha Residue, nikasikia ch zake zikienda jalalani, nikaziacha zikae pamoja na upepo wote. Binti ameipata. Alituma neno moja kupitia kwa mpwa wake: sasa namsikia. Kuhusu sehemu iliyobaki, ile MP3 yangu ya kwanza, yenye kitambaa mdomoni, ndiyo peke yake inayoibeba. Mjukuu anakaa na babu yake jioni, wanaisikiliza pamoja polepole, na pale neno linapozama mzee anamwambia lilikuwa neno gani, mjukuu anaandika kwenye daftari. Wamefika karibu nusu.

WAV ya zile dakika kumi na moja iko kwenye kompyuta ya kanisa, kwenye flashi ya mjukuu, na Kismayo kwa binti.

Wenye wazazi au babu na bibi wanaotaka kurekodiwa, Jumanne ni siku yetu, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, nyumbani kwangu. Njooni na betri zilizochajiwa na blanketi moja kila mtu, mazito yakipatikana. Mjukuu wa mzee atakaa kwenye kompyuta. Mimi nimepewa kazi ya kushika godoro.